Liatrisi: shuke la zambarau linaloanza kuchanua juu

Mashuke mengi ya maua huanza kuchanua chini, kisha hupanda. Liatrisi huenda kinyume. Ua la kwanza hufunguka kileleni, halafu mchanuo hushuka pole pole kwa wiki tatu au nne hadi unapokaribia majani. Kwa hiyo ukikuta shuke lenye ncha iliyogeuka kahawia na kiuno cha zambarau inayong'aa, mmea hauumwi wala haujaungua jua. Usilikate. Nusu ya chini bado ina mbochi, yale maji matamu yanayowaleta nyuki na vipepeo, na nusu hiyo ndiyo hufunguka mwishoni mwa kiangazi, wakati maua mengine yameanza kuadimika.

Jina lake la kisayansi ni Liatris, na ni wa familia moja na alizeti. Spishi zake ni takriban 40, karibu zote za Amerika Kaskazini, mashariki mwa milima ya Rocky, kuanzia mbuga za nyasi za Kanada hadi mchanga wa Florida. Ndani ya familia hiyo kubwa ndugu zake wa karibu ni pamoja na Ageratum conyzoides, lile gugu lenye vishada vidogo vya samawati na zambarau linalowachosha wakulima wa Tanzania, Kenya na Uganda. Ukivitazama vishada vya Ageratum kwa karibu umeshaliona umbo la liatrisi: hakuna zile petali ndefu za pembeni kama za alizeti. Kila kitufe cha zambarau ni mkusanyiko wa vijiua vyembamba kama mirija, na yale manyoya yanayofanya shuke lionekane kama brashi ya kuoshea chupa ni sehemu za kike za vijiua hivyo zilizochomoza nje. Kipepeo akitua kwenye kitufe kimoja, hunywa mrija hadi mrija bila kuruka, kisha hupanda au kushuka hatua moja. Ndiyo maana utawaona wamekaa hapo muda mrefu kuliko kwenye maua mengine.

Tunawaandikia hasa wasomaji wa Kiswahili wenye kipande cha ardhi kule ulikozaliwa mmea huu: Minnesota, Iowa, Ohio, Ontario na majirani zao. Na neno letu kubwa ni moja. Liatrisi huchaguliwa kwa udongo, haichaguliwi kwa picha. Karibu kila liatrisi tunayoiona imelala chini, imeoza au imetoweka baada ya majira mawili ya baridi, ilipandwa na mtu aliyefanya kila kitu kwa moyo mweupe lakini akaweka spishi ya mahali penye maji kwenye mchanga mkavu, au ya mchanga mkavu kwenye shimo lililojazwa mboji.

Pima shimo kabla ya kununua chochote

Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini na upana kama huo. Lijaze maji, yaache yazame yote, kisha lijaze tena na usimamishe rula ndani. Maji yakishuka sentimita 2 hadi 5 kwa saa, una udongo wa kawaida unaofaa spishi nyingi. Yakishuka haraka kuliko hapo, una udongo wa kichanga. Yakiwa bado yamo kesho yake asubuhi, una mfinyanzi unaoshika maji, na hapo spishi za nchi kavu hazitavuka baridi hata moja.

Jaribio hili lifanye mwanzoni mwa majira ya kuchipua, si Julai. Kinachoiua liatrisi ni maji yaliyotuama wakati tunguu lake, lile donge la chini ya udongo linalochipua upya, limelala, kuanzia Novemba hadi Aprili. Hata zile zinazopenda unyevu hupenda unyevu wa kiangazi, wakati mizizi inafanya kazi. Mfinyanzi mkavu wa Julai utakudanganya.

Jua ni saa sita kwa siku kwa uchache, na nane ndizo zinazotoa mashuke yaliyonyooka. Chini ya hapo shina hurefuka likitafuta mwanga na kupinda.

Spishi kwa aina ya ardhi

Liatris spicata ndiyo inayouzwa kila mahali, mara nyingi kama matunguu makavu kwenye mifuko ya plastiki yenye picha, na aina fupi inayoitwa 'Kobold' ndiyo maarufu kuliko zote. Kwa asili ni mmea wa malisho yenye unyevu ya mashariki mwa Marekani na kusini mwa Ontario. Hufika sentimita 60 hadi 120, vitufe vyake vimebanana kabisa, na huchanua Julai na Agosti. Kwa mtu wa Ohio ni chaguo zuri. Lakini Minnesota si kwao. Jimbo hilo lina spishi zake tano za asili, na spicata haimo, ingawa itaota na nyuki wataitembelea. Kama nia yako ni mimea ya asili ya hapo ulipo, mfuko wa bei nafuu wa dukani haukupi hiyo.

Liatris pycnostachya ndiyo liatrisi ya mbuga ndefu za nyasi za Illinois, Iowa na Missouri. Ni ndefu, sentimita 90 hadi 150, na shuke lake ni nene. Inataka udongo wenye unyevu wa wastani. Kuitambua, angalia vile vijani vidogo vinavyoshika kitufe kwa chini: vya pycnostachya vina ncha kali zilizopinda nje, vya spicata vimelala na ncha zake ni butu. Huu ndio mmea unaoanguka kuliko wote ukiushibisha, na tutaurudia.

Liatris aspera ni ya mchanga na miteremko mikavu. Vitufe vyake vimeachana kwenye shina kama shanga kubwa, na huchanua kwa kuchelewa, Agosti hadi Septemba na zaidi. Ukiwa na mahali panapokauka haraka, anza na hii. Inastahili kupandwa mara kumi zaidi ya inavyopandwa sasa, kwa sababu inaziba pengo la mwisho wa msimu ambalo bustani nyingi huliacha tupu.

Liatris punctata ni ya nchi kavu zaidi, nyanda za magharibi. Juu ni fupi, sentimita 30 hadi 60, lakini mzizi wake mkuu huzama zaidi ya mita 2. Usiihamishe ikishakomaa, utaukata mzizi na mmea utakufa. Liatris cylindracea nayo ni ndogo, mara nyingi chini ya sentimita 45, na huridhika na kokoto na mawe ya chokaa ambako vingi vingine hushindwa.

Halafu kuna Liatris ligulistylis, ya kaskazini: Minnesota, Wisconsin, Dakota mbili, Manitoba, hadi miteremko ya Rocky. Kila kitufe chake kina vijiua zaidi ya 30, wakati pycnostachya ina vitano hadi saba tu. Huchanua Agosti, wakati vipepeo monaki, wale wa rangi ya machungwa na mistari myeusi, wanajiandaa kwa safari ya kwenda kwenye misitu ya milimani Meksiko wanakopitisha baridi. Kwa kipepeo huyu hakuna liatrisi inayoishinda hii. Ukiwa na nafasi ya mimea mitatu tu na udongo wako ni wa wastani, weka ligulistylis mitatu pamoja.

Jambo moja la kuweka wazi, maana linachanganywa sana: liatrisi humlisha monaki mkubwa, haimlishi mtoto wake. Viwavi wa monaki hula karibu tu mimea ya jenasi ya Asclepias na jamaa zake wa karibu, ile yenye utomvu mweupe. Wasomaji wa Afrika Mashariki wanamjua binamu yake, Danaus chrysippus, ambaye viwavi wake nao huishi kwenye mimea ya utomvu kama huo. Panda vyote viwili karibu, au utakuwa umejenga hoteli isiyo na chumba cha kuzalia.

Tunguu, mche au mbegu

Tunguu kavu ndiyo njia ya haraka. Lililopandwa Aprili huchanua mwaka huo huo. Likague kabla ya kulipa: liwe gumu kama kitunguu kizuri, zito kuliko linavyoonekana, bila ukungu wa kijani. Lililo jepesi limekauka ndani, na linalobonyea limeoza. Lipande sentimita 5 hadi 8 chini ya udongo, umbali wa sentimita 30. Upande wenye vichipukizi na nyuzi za shina la zamani ndio wa juu. Ukishindwa kuutambua, lilaze kiubavu, chipukizi litajipinda lenyewe. Mwagilia mara moja vizuri, halafu usimwagilie tena mpaka uone majani, kwa kuwa tunguu lisilo na mizizi haliwezi kunywa, na maji mengi hulifikisha kwenye kuoza tu.

Shida ya matunguu ni kwamba aina utakazopata ni chache. Spishi nyingine hupatikana zaidi kama miche ya trei kutoka vitalu vya mimea ya asili, au kama mbegu. Unaponunua miche, uliza swali moja: je, imewekewa viuatilifu vya kundi la neonikotinoidi? Dawa hizo huingia ndani ya mmea na kufika hadi kwenye mbochi na chavua. Mche wenye dawa hiyo ni sumu uliyowaandalia nyuki uliotaka kuwasaidia. Muuzaji asiyeweza kujibu, usinunue kwake.

Na usichimbe porini, hata pale unapoona ni nyingi. Liatris ohlingerae, kwa mfano, hupatikana kwenye vichaka vya mchanga vya Florida ya kati tu, na inalindwa na sheria ya shirikisho kama mmea ulio hatarini kutoweka.

Mbegu, kwa kirefu

Mbegu ya liatrisi haioti ikivunwa na kupandwa sebuleni. Ndani yake kuna kizuizi kinachoilinda isiote Oktoba na kuuawa na baridi ya Desemba, na kinachokiondoa ni baridi yenye unyevu kwa muda mrefu. Baridi kavu haifanyi kazi. Pakiti iliyokaa mwaka mzima kwenye droo ya friji haijaanza hata siku moja ya hesabu.

Chukua mchanga safi, ulowanishe, kisha uukamue mkononi. Ukidondosha hata tone moja umezidi maji. Changanya kipimo kimoja cha mbegu na vipimo vitatu au vinne vya mchanga huo kwenye mfuko wa plastiki wa kufunga kwa zipu, andika jina la spishi na tarehe kwa kalamu isiyofutika, na uweke friji, nyuzi 1 hadi 5, siku 60. Usiweke friza. Ukianza kwenye tarehe 10 Januari, utapanda katikati ya Machi, na miche itakuwa tayari kutoka nje baada ya sakitu ya mwisho, ambayo kwa sehemu nyingi za Minnesota huwa mwezi Mei.

Kuanzia siku ya 40 fungua mfuko kila wiki. Harufu ya ukungu maana yake mchanga ulikuwa na maji mengi: zisuuze mbegu kwenye chujio, badilisha mchanga, endelea na hesabu pale ilipofikia. Ukiona ncha nyeupe za mizizi, usingoje siku ya 60, zipande siku hiyo hiyo, maana mzizi ukirefuka zaidi ya milimita chache utakatika ukiushika.

Tumia trei zenye vijishimo virefu, sentimita 10 au zaidi, mbegu mbili au tatu kila kijishimo. Zifunike kwa safu nyembamba ya mchanga, milimita 2 au 3, isizidi. Kuzika mbegu kwa kina ndilo kosa linaloongoza, kwa kuwa mwanga husaidia uotaji na chipukizi ni dhaifu. Joto la nyuzi 20 hadi 24, na maji uyatie kwenye sinia chini ya trei ili yapande yenyewe; ukinyunyizia juu utazihamisha mbegu, na utaukaribisha ukungu unaokata shina la mche kwenye usawa wa udongo. Utaona majani ndani ya wiki mbili hadi nne.

Usishtuke kama nusu haikuota. Mbegu nyingi za liatrisi huwa ni maganda matupu. Ili kuzijua mapema, bonyeza chache kwa ukucha juu ya karatasi nyeupe. Yenye kiini hukataa kubonyea, tupu hulala bapa. Kama katika kumi ni nne tu zenye kiini, panda mara mbili na nusu zaidi.

Mwaka wa kwanza mche wa liatrisi ni majani membamba matatu au manne yanayofanana na majani ya nyasi. Haya ndiyo majani yanayong'olewa na wapaliliaji wenye bidii kuliko jambo lingine lolote. Weka kibao. Mwezi Agosti au Septemba majani hayo yatageuka manjano na kukauka mapema kuliko ulivyotarajia, na vyungu vitaonekana vimekufa. Havijafa. Chini yake kuna tunguu la ukubwa wa njegere limelala. Punguza maji hapo hapo, kwa sababu kuendelea kumwagilia chungu kilicholala ndiko kunakoua kweli. Maua utayapata mwaka wa pili kwa bahati, wa tatu kwa kawaida, na wakati mwingine wa nne.

Asiyetaka friji anaweza kuiachia theluji kazi hiyo. Kata galoni ya maziwa ya lita 3.8 katikati huku ukiacha kipande kama bawaba, toboa matundu chini, jaza udongo sentimita 10, panda mbegu Desemba au Januari, funga kwa utepe, toa kifuniko cha mdomoni, na uiache nje. Mvua na theluji vitaingia mdomoni, na mbegu zitaota zenyewe Aprili au Mei.

Kwa eneo kubwa, panda moja kwa moja Novemba. Hapo maandalizi ndiyo kazi yenyewe. Funika nyasi kwa plastiki nyeusi kiangazi kizima ili zife na mizizi yake, kisha usitifue udongo, kwani utaamsha magugu yaliyolala. Changanya mbegu na mchanga wenye unyevu ili uone ulipopita, zimwage juu ya udongo mtupu, na uzikanyage. Usizifukie. Mwaka unaofuata, kila magugu yakifika sentimita 25 au 30, pitisha mashine juu na uyarudishe hadi sentimita 12 au 15. Miche ya liatrisi itakuwa chini ya wembe, na itapata jua.

Kwa nini inaanguka

Rutuba. Jibu ni hilo kwa mara nyingi kuliko zote. Mbuga ambako mimea hii ilikulia zina nyasi zinazogombania kila chembe ya naitrojeni. Ukichimba shimo, ukaweka mboji, samadi na kiganja cha mbolea ya chumvichumvi, shina litapanda haraka likiwa laini, shuke litakuwa zito, na mvua ya kwanza ya radi ya Julai itaulaza mmea mzima. Tunasema bila kusita: usiweke mbolea kabisa, mwaka wowote, kwa spishi yoyote.

Kwa mkulima aliyelelewa akiamini samadi, hili ni gumu kulikubali, na tunaelewa. Lakini shabaha hapa si mavuno ya majani. Unataka shina fupi, gumu, lenye tunguu lililoshiba chini.

Sababu ya pili ni upweke. Liatrisi iliyozungukwa na udongo mtupu na matandazo haina pa kuegemea. Porini husimama ndani ya nyasi, na nyasi hizo hushika shina kutoka pande zote. Kwa hiyo panda mimea mitano au saba pamoja na katikati yake weka mafungu ya Schizachyrium scoparium kwa ardhi kavu, au Sporobolus heterolepis kwa ardhi ya wastani, sentimita 35 hadi 45 kati ya fungu na fungu. Usichague nyasi ndefu kama Andropogon gerardii kwenye bustani ndogo. Inapita mita 2 na itaifunika liatrisi.

Wengine hukata ncha Juni ili mmea uwe mfupi. Hatushauri. Ncha ya liatrisi ndiyo ua la kwanza. Ukiikata utapata vishuke vichache vya pembeni, vidogo na vilivyochelewa. Ukiwa tayari una mmea ulioanguka, ufunge mwaka huu kwa kijiti na kamba, na vuli ipandie nyasi kando yake.

Maji: mwaka wa kwanza sentimita 2.5 kwa wiki, mvua ikihesabiwa. Mwaka wa pili, acha, isipokuwa spicata na pycnostachya kwenye ukame wa wiki tatu au zaidi.

Wanaokula chini na wanaokula juu

Mmea uliokuwa mzima jana ukinyauka ghafla, ushike shina na ulivute taratibu. Likitoka bila kukataa, tunguu limeliwa. Mlaji ni panya mdogo wa mashambani mwenye mkia mfupi, wa jenasi ya Microtus, na utaona tundu lake la sentimita 3 au 4 karibu. Mara nyingi lawama humwendea fuko, lakini fuko wa Amerika Kaskazini hula minyoo na wadudu. Kosa lake ni kuchimba njia ambazo panya huzitumia.

Kinga inayofanya kazi ni kikapu cha wavu wa chuma wenye matundu ya milimita 6, kina sentimita 25, ukipanda ndani yake na kuacha mdomo wake usawa wa udongo. Mizizi hupenya, panya hapenyi. Punctata usiiwekee, kwa ajili ya mzizi wake mkuu. Pia ondoa matandazo sentimita 15 kuzunguka shina kabla ya baridi. Panya hupenda kutembea chini ya blanketi, na matandazo yaliyorundikwa shingoni mwa mmea huozesha tunguu vile vile.

Sungura hula majani machanga Mei, na kulungu huja Julai kula vichipukizi vya maua, wakipenda zaidi ligulistylis na aspera. Mviringo wa wavu wa sentimita 60 kwenda juu unatosha kwa sungura, na mmea uliokomaa humvumilia. Kwa kulungu weka uzio mrefu au panda katikati ya mimea yenye harufu kali kama Pycnanthemum na Monarda.

Kuna walaji wengine ambao tunawaombea nafasi. Ukikuta kiwavi ndani ya shuke anatafuna vijiua na mbegu, huenda ni mtoto wa nondo wa jenasi ya Schinia. Schinia sanguinea na Schinia gloriosa hutegemea liatrisi, na nondo wao wakubwa wana mabawa yenye wekundu wa waridi yanayofanana na shuke lenyewe, hata unaweza kumtazama usimwone. Atakula sehemu ya mbegu zako. Mwache. Bila liatrisi hana pengine pa kwenda.

Wageni wa mchana ni rahisi kuwaona: nyuki wakubwa wenye manyoya wa jenasi ya Bombus, nyuki wenye pembe ndefu wa Melissodes, vipepeo wakubwa wenye mikia, na Vanessa cardui, kipepeo yule yule anayeruka pia Nairobi na Arusha.

Zambarau isiyo yenyewe

Mtu akitafuta shuke la zambarau la mahali penye maji anaweza kupewa Lythrum salicaria. Ni mzuri, na ni balaa. Ulitoka Ulaya na Asia, mmea mmoja mkubwa unaweza kumwaga mbegu zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, na hujaza kinamasi kizima mpaka mimea ya asili isipate pa kusimama. Majimbo mengi, Minnesota ikiwemo, yamepiga marufuku kuuza na kupanda.

Kuutofautisha si kazi ngumu. Lishike shina: la Lythrum lina pembe, mara nyingi nne, na huota matawi, la liatrisi ni la mviringo na hupanda peke yake bila tawi. Majani ya Lythrum hukaa mawili mawili yakitazamana, ya liatrisi ni membamba na huzunguka shina. Ua la Lythrum lina petali zinazoonekana wazi, kwa kawaida sita. La liatrisi halina petali za namna hiyo, utaona nyuzi tu. Ukiukuta kwako, uchimbe kabla haujatoa mbegu, uufunge kwenye mfuko wa plastiki, na usiuweke kwenye mboji. Nafasi yake mpe Verbena hastata, ambaye ni mwenyeji wa ardhi hiyo hiyo yenye maji na ana mashuke yake ya samawati na zambarau.

Na wale watakaotaka kumpelekea mama mbegu nyumbani: usizitie kwenye begi. Mbegu za kuingiza Kenya hupitia KEPHIS na Tanzania hupitia TPHPA, mamlaka za afya ya mimea za nchi hizo, kwa kibali na cheti cha afya ya mimea. Zaidi ya hapo, Mombasa na Dar es Salaam hakuna baridi ya kuiamsha mbegu hii, na nyuki wa kule wana maua yao ya asili ya kuwapandia.

Vuli hadi Mei

Mbegu ziko tayari pale vitufe vinapofunguka na kuwa manyoya ya kahawia, wiki tatu au nne baada ya ua kunyauka, kuanzia juu kama kawaida. Vuta kidogo, zikikubali kutoka, zimeiva. Zikaushe wiki moja kwenye mfuko wa karatasi. Kama umepanda spishi mbili au tatu karibu karibu, fahamu kwamba liatrisi huchanganyika kwa urahisi na miche inaweza kuwa chotara. Kwa mbegu safi, panda spishi moja au nunua.

Usivune zaidi ya theluthi moja. Chiriku wa manjano wa Amerika hushikilia mabua hayo na kuyapukusa hadi theluji inapoanguka. Mabua yaache yasimame baridi yote. Kama mji wako una kanuni ya urefu wa nyasi, na mingi inayo, soma kanuni kabla ya kupanda na uweke ukingo wa nyasi zilizokatwa wa sentimita 60 mbele ya bustani, ili kila apitaye aone kwamba pametunzwa.

Mwishoni mwa Machi au Aprili kata mabua hadi sentimita 20. Vipande hivyo vitakuonyesha matunguu yalipo, na utavihitaji, kwa sababu liatrisi huchelewa kuamka. Jirani zake wote watakuwa na majani na penye liatrisi patakuwa na udongo mtupu. Usichokore kwa kidole kuangalia, usipande kitu kingine hapo, na usipalilie majani yoyote membamba kama nyasi ndani ya sentimita 10 za bua la zamani hadi mwisho wa Mei.